Programu ya imla imegoma kwenye laptopu mpya: uipiganie, au upite njia nyingine?

Mashine imetoka kwenye boksi, plastiki bado iko kwenye kioo, na programu yako ya kuandika kwa sauti haitaki kuingia. Pengine mstari wa usakinishaji unafika katikati na kuganda. Pengine unatokea ujumbe wa Kifaransa wenye namba ndefu. Pengine unabofya mara mbili na hakuna kinachotikisika. Ukirudi kwa muuzaji wako hapa Lubumbashi, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: "Mashini ni muzuri, papa, njo programu yako ni ya zamani." Wakati mwingine anasema kweli. Wakati mwingine kizuizi kiko ndani ya mashine aliyokuuzia, na yeye mwenyewe hakijui.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wanaohamia mashine mpya wanahama pia mfumo. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, mwenye mahojiano ya TFC (kazi ya kumaliza masomo) kwenye simu, mwanasheria anayesoma barua zake kwa sauti, mwandishi wa redio, dada wa sekretaria anayelipwa kwa ukurasa, mtu ambaye mikono yake haiwezi tena kupiga klavye: wote hawa wanakuta mlango uleule umefungwa, lakini ufunguo wao si mmoja.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni kuendelea kupambana na programu ya kulipia, na kwa watu wengi jina lake ni Dragon. Ya pili ni kutumia kile ambacho tayari kimo ndani ya Windows 11. Ya tatu ni imla ya Google Docs, inayofanyika ndani ya kivinjari. Ya nne ni Whisper, inayofanya kazi bila intaneti.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo sita. Kuingia: inakubali kwa urahisi gani kwenye laptopu mpya, na ikikataa, inakataa kwa sababu gani. Lugha: hapa kwetu tunaandika Kifaransa, tunaongea Kiswahili, na tukiwa na haraka tunavichanganya katika sentensi moja. Mega na umeme: forfait ya simu (kifurushi cha intaneti) na delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ni sehemu ya hesabu. Siri: sauti inabaki kwenye mashine yako au inasafiri? Pesa. Na mwisho, inamfaa nani.

Kabla ya hayo yote jibu swali moja. Unataka kuongea na maneno yaandikwe papo hapo, au una rekodi ya saa nzima unayotaka igeuke maandishi? La kwanza ni imla, la pili ni kunukuu. Watu wengi wanaohangaika na usakinishaji wanapigania chombo cha imla huku kazi yao ni ya kunukuu. Hata kingeingia, kisingewapa walichotaka.

Njia ya kwanza: kuipigania Dragon

Dragon NaturallySpeaking ilitoka mwaka 1997 na ilikuwa kati ya programu za kwanza za kawaida kumruhusu mtu aongee mfululizo bila kusimama baada ya kila neno. Leo iko chini ya Microsoft, iliyomaliza kuinunua kampuni ya Nuance mwezi Machi 2022. Toleo la Mac liliachwa mwaka 2018, kwa hiyo mwenye MacBook aruke sehemu hii.

*Kuingia.* Hapa ndipo penye kazi. Anza na mambo mawili yasiyogharimu kitu. Fungua Paramètres, kisha Système, kisha Informations système, na usome mstari wa "Type du système". Ukikuta "processeur x64", sawa. Ukikuta ARM, simama hapo hapo. Hizo ni mashine zenye prosesa za aina ya Snapdragon: nyepesi, hazipati joto, betri yake inadumu, lakini Dragon haikuundwa kwa ajili yake na hakuna ujanja wa kusakinisha utakaobadilisha hilo.

Sasa rudi Système, ingia Activation. Ikiwa mashine iko kwenye mode S, inakubali tu programu zinazotoka Microsoft Store. Laptopu nyingi za bei nafuu huletwa hivyo na hakuna anayekuambia dukani. Kutoka kwenye mode S ni bure: kwenye ukurasa huohuo kuna kiungo cha kukupeleka Store, unabofya "Obtenir", kwisha. Ila ukitoka huwezi kurudi, na unahitaji kuwa na intaneti wakati huo. Kwa anayejua anachosakinisha, sioni hasara.

Kama hayo mawili ni salama, kagua faili lenyewe. Kisakinishi cha Dragon ni kizito, na kwenye connexion ya simu upakuaji huweza kukatika kimyakimya ukaachiwa faili pungufu lenye jina kamili. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa pale ulipolipakua. Kama ulikuwa na DVD ya zamani, laptopu mpya karibu zote hazina tena mlango wake; nakili yaliyomo kupitia mashine ya rafiki. Na hapo kwenye flashi kuna mtego: flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi ya 64. Ifomati upya kwa exFAT. Tena usiendeshe kisakinishi ukiwa ndani ya faili la zip. Windows hukuonyesha yaliyomo kama vile ni folda ya kawaida, lakini setup ikianza kutafuta wenzake haiwaoni. Toa vyote nje kwanza, uviweke kwenye diski ya mashine, na hakikisha umebakiwa na gigabaiti 8 huru au zaidi.

Kisha ruhusa. Bofya kulia juu ya setup, chagua "Exécuter en tant qu'administrateur". Laptopu mpya nyingi huja na antivirusi ya majaribio ambayo huwa na wivu kuliko ile ya Windows. Izime kwa muda, na ukiizima ondoa intaneti pia mpaka umalize. Kwenye Windows 11 kuna mlinzi mwingine, "Contrôle intelligent des applications", ndani ya Sécurité Windows. Huyu huzuia programu asizozifahamu bila kukupa kitufe cha kusema "endelea". Angalia kama amewashwa.

Sababu mbili ambazo ni wachache wanaozifikiria. Jina la akaunti: ulipowasha mashine mara ya kwanza ulijiita Célestin au Béa, na sasa folda yako ina herufi yenye alama juu. Programu za zamani hujikwaa hapo. Fungua akaunti ya pili ya msimamizi yenye jina lisilo na alama, usakinishe ukiwa humo. Sababu ya pili ni tarehe. Mashine iliyolala dukani miezi mingi inaweza kuwa na tarehe ya ajabu, na vyeti vya usalama vikiangalia kalenda hiyo vinakataa. Weka tarehe sahihi na saa za ukanda wetu. Kwenye orodha chagua Harare na Pretoria, maana Kinshasa wako saa moja nyuma yetu.

Kama jaribio la kwanza lilikatika katikati, mabaki yake yanaweza kuzuia la pili. Ondoa kila kilichobaki kupitia orodha ya Applications, zima na kuwasha mashine, ndipo uanze upya. Na ikiwa leseni yako bado imefungwa kwenye laptopu ya zamani, ifungue kule kwanza. Dragon ina kikomo cha mashine kwa leseni moja. Toleo nalo lina umuhimu: Windows 11 inatajwa rasmi kuanzia Dragon Professional 16. Matoleo ya nyuma yanaweza kuingia, lakini yakigoma huna wa kumlalamikia.

Nakala zilizovunjwa zinazozunguka kwenye flashi za mjini sizipimi hapa. Sehemu ya ujumbe wa makosa unaowatesa watu inatokana na walinzi wa Windows kuzitambua, na walinzi hao wana haki.

*Lugha.* Kifaransa na Kiingereza, na kwa Kifaransa cha ofisini iko vizuri, hasa ikizoea sauti yako na majina unayoyataja kila siku. Kiswahili hakimo.

*Mega na umeme.* Intaneti inahitajika wakati wa kupakua na kuwasha leseni. Baadaye Dragon Professional inafanya kazi bila mtandao, na haili betri kupita kiasi.

*Siri.* Sauti inashughulikiwa kwenye mashine yako.

*Pesa.* Mamia ya dola. Hapa hakuna cha kupamba.

*Inamfaa nani.* Anayeandika Kifaransa kingi kila siku kwa mdomo wake mwenyewe: mwanasheria, daktari, mtafsiri. Pia asiyeweza kutumia mikono, maana Dragon inafungua madirisha, inabofya na kusahihisha kwa amri za sauti. Kwa mtu huyo wa mwisho, jioni nzima ya kupambana na usakinishaji ina maana. Kwa mwanafunzi mwenye TFC moja, haina.

Njia ya pili: kilichomo ndani ya Windows

Kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Saisie vocale hufunguka ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, na kazi yake ni kuandika tu pale kishale kilipo. Accès vocal ni kikubwa zaidi: kinaandika, kinafungua programu, kinabofya, kinasogeza ukurasa. Aliyezoea Reconnaissance vocale ya Windows 10 asiitafute; kuanzia Septemba 2024 nafasi yake kwenye Windows 11 imechukuliwa na Accès vocal.

*Kuingia.* Hakuna kisakinishi, lakini usidhani hakuna kugoma. Ugomvi wa kwanza ni ruhusa ya maikrofoni: Paramètres, Confidentialité et sécurité, Microphone, uwashe. Wa pili ni kifurushi cha lugha. Mashine iliyoletwa kutoka Dubai inaweza kuwa imewekewa Kiingereza peke yake, na Kifaransa unakiongeza kwenye Heure et langue. Sasa, ukitumia intaneti ya simu, huenda Windows imeiandika kama "connexion limitée" ili kukulindia mega, na chini ya alama hiyo vifurushi husubiri bila kukueleza. Ondoa alama, pakua, irudishe. Wa tatu unawahusu walionunua mashine zilizotoka Ulaya: toleo la Windows lenye herufi N mwishoni halina sehemu za sauti na video, na lazima uongeze "Media Feature Pack" kwenye Fonctionnalités facultatives. Mode S haisumbui hapa.

*Lugha.* Accès vocal kilianza na Kiingereza, Kifaransa kikaongezwa mwaka 2024. Kiswahili hakimo, kwa imla ya Kiswahili usipoteze muda hapa, nenda njia ya tatu.

*Mega na umeme.* Saisie vocale inahitaji intaneti muda wote unaoongea. Accès vocal, kikishapakua lugha yake, kinaendelea hata mtandao ukikatika. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nimshauri mtu ajifunze cha pili, ingawa cha kwanza ni rahisi.

*Siri.* Kwa Saisie vocale sauti inakwenda kwenye seva za Microsoft. Kwa Accès vocal inabaki.

*Pesa.* Umeshalipa uliponunua mashine.

*Inamfaa nani.* Anayeandika Kifaransa kwa kiasi, na kila mwenye mashine ya ARM au anayesita kutoka mode S. Pia asiyeona vizuri anayetumia kisoma-skrini cha NVDA. Kwake yeye sharti la kwanza ni kofia ya masikio (écouteurs), la sivyo maikrofoni itamsikia msomaji wa skrini na kuandika maneno yake pia.

Njia ya tatu: Google Docs

*Kuingia.* Ukiwa na Chrome na akaunti ya Google, umeshaingia. Fungua waraka mpya, menyu ya Outils, Saisie vocale, bofya picha ya maikrofoni. Edge nayo inakubali siku hizi, na hilo ni muhimu kwa wenye mode S ambao hawawezi kuweka Chrome. Kugoma kwake karibu kote ni kwa aina moja: mara ya kwanza kivinjari kiliomba ruhusa ya maikrofoni, ukabofya "Bloquer" kwa haraka, na tangu hapo kinakumbuka. Alama iliyo kushoto mwa anwani juu ya ukurasa ndiko pa kubadilisha.

*Lugha.* Hapa ndipo inapowapita wengine. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wake wa sauti mwaka 2017, na kwenye Docs utakikuta kwa sura mbili, cha Kenya na cha Tanzania. Cha Kongo hakipo. Maana yake, ukiongea taratibu na kwa sarufi ya shuleni, kinakufuata vizuri. Ukisema kama tunavyosema mtaani, "tulienda ku bureau, njo banatuambia dossier haiko complet", kinaanza kubuni. Lugha unachagua moja kwa wakati, kwa hiyo anayechanganya ajizoeze kutenganisha, au akubali kusahihisha. Jambo jingine: kwa Kifaransa unasema "virgule" na "point" na alama zinatokea. Kwa Kiswahili alama unaziweka kwa mkono, na maandishi yanatoka kama treni ndefu isiyo na vituo.

*Mega na umeme.* Mtandao usiokatika ni sharti. Delestaji ikizima ruta au mnara, imla imekwisha, ingawa yaliyokwisha kuandikwa yanabaki. Ukiacha dirisha na kwenda kusoma kitu kingine, maikrofoni huzimika bila kuaga.

*Siri.* Sauti inakwenda nje. Barua ya kuomba kazi haina shida. Ushuhuda wa mchimbaji anayemtaja mkubwa wake ni jambo jingine.

*Pesa.* Bure, ukitoa forfait.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuandika Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe na ana connexion ya kuaminika. Pia anayehitaji kitu leo saa hii. Kunukuu rekodi hakuiwezi, maana inasikiliza maikrofoni tu. Wapo wanaoweka simu karibu na laptopu na kucheza mahojiano kwa sauti, na wanachopata ni uji. Kuna hila moja nzuri zaidi ya hiyo: unasikiliza rekodi kwa kofia ya masikio na kuirudia kwa sauti yako mwenyewe, kwa utulivu, huku Docs inaandika. Inachosha koo, lakini kwa mahojiano ya Kiswahili chetu hiyo bado ni kati ya mbinu zinazotoa maandishi safi, kwa sababu anayefasiri mchanganyiko ni wewe.

Njia ya nne: Whisper

Kampuni ya OpenAI iliitoa Whisper mwezi Septemba 2022 na kuiacha wazi kwa leseni ya MIT, yaani kila mtu anaweza kuichukua na kuitumia. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Unaipa faili la rekodi, inakurudishia maandishi.

*Kuingia.* Kwa njia ya asili, inagoma kuliko zote. Inataka Python, inataka ffmpeg, na kila kimoja kina namna yake ya kukataa: Python mpya mno kuliko vifurushi vingine, au ffmpeg ipo lakini Windows haijui iko wapi. Kama maneno hayo hayakuambii kitu, yaache. Chukua Buzz, programu huria yenye madirisha na vitufe, ambayo ndani yake imebeba Whisper. Windows itakuonya kwamba haimjui mtengenezaji. Bofya "Informations complémentaires", kisha "Exécuter quand même". Onyo hilo linakuja kwa sababu programu haijatiwa saini ya kulipia, ila lizingatie kama umeipakua kwingine kusiko kwa watengenezaji wenyewe. Kwenye mode S haiingii kabisa. Wanaopenda amri za maandishi wanaweza kutazama whisper.cpp ya Georgi Gerganov, isiyohitaji Python na iliyo nyepesi kwenye mashine zisizo na kadi ya picha.

Hatua inayokwamisha watu baada ya hapo ni modeli. Programu ikiingia bado ni tupu. Lazima ipakue ubongo wake. Ule mdogo kabisa, tiny, ni megabaiti kama 75. Small ni karibu 470. Medium inafika gigabaiti 1.5, na large karibu 3. Ukiona Buzz "imeganda" mara ya kwanza, mara nyingi haijaganda. Inapakua, na connexion yako inatambaa. Pakua mara moja mahali penye mtandao mzuri.

*Lugha.* Kiswahili kimo kwenye orodha, na Lingala pia. Lakini orodha haisemi yote. Kifaransa kilipata zaidi ya saa 9,000 katika mafunzo yake, Kiswahili kilipata chache sana. Matokeo yanaonekana: Kifaransa cha mahojiano, hata kikiwa na lafudhi yetu, small inakishika vizuri. Kwa Kiswahili usishuke chini ya medium, na hata hapo tegemea kusahihisha kila mstari. Weka lugha kwa mkono. Ukiiachia ichague yenyewe, inasikiliza mwanzo wa rekodi tu, na kama msemaji alianza na "Bonjour, merci de me recevoir" kabla ya kurudi Kiswahili, kazi imeharibika tangu mlangoni.

Kasoro moja lazima uijue kabla ya kumpa profesa maandishi hayo. Palipo na ukimya au kelele, Whisper huweza kuandika sentensi ambazo hakuna aliyezisema. Kwa Kifaransa mgeni wa mara kwa mara ni "Sous-titres réalisés par la communauté d'Amara.org", mabaki ya video ilizofunzwa nazo. Hiyo inachekesha na inaonekana. Zisizoonekana ndizo za kuogopa, kwa hiyo sikiliza tena rekodi huku unasoma.

*Mega na umeme.* Mega ni za siku ya kupakua tu. Umeme ndio gharama yake. Kwenye laptopu ya kawaida, medium inaweza kuchukua muda mrefu kuliko rekodi yenyewe, feni inalia na betri inashuka. Iwashe wakati umeme wa SNEL upo, na gawa rekodi ya saa mbili katika vipande vya dakika 20, ili ukikatika upoteze kipande kimoja.

*Siri.* Hakuna kinachotoka. Ukitaka uhakika, zima Wi-Fi na uendelee, itafanya kazi.

*Pesa.* Bure.

*Inamfaa nani.* Mtafiti, mwandishi wa habari, shirika linalokusanya ushuhuda. Kwa imla ya papo hapo haina ulaini wa zile tatu nyingine.

Kwa hiyo wewe ufanye nini?

Kama kazi yako ni kuandika Kifaransa kila siku na leseni ya Dragon unayo tayari, pitia ukaguzi wa njia ya kwanza kwa mpangilio niliouweka. Ukifika mwisho na bado inakataa, tumia Accès vocal wakati unasubiri jibu la huduma kwa wateja. Kama leseni huna, anza na Accès vocal kwa wiki kadhaa kabla ya kutoa mamia ya dola. Pengine utagundua kinatosha.

Kama wewe ni mwanafunzi mwenye mahojiano ya Kifaransa, nenda moja kwa moja kwa Buzz na modeli ya small. Yakiwa ya Kiswahili cha hapa, hasa cha komini zetu za Kenya au Katuba ambako Kifaransa kinaingia na kutoka, jaribu dakika tano za rekodi kwa medium kwanza. Kama kusahihisha kunakuchukua muda kuliko kuandika, rudi kwenye hila ya kurudia kwa sauti yako ndani ya Docs, au mlipe mtu wa sekretaria anayejua kusikiliza. Hakuna aibu katika hilo, na kwa ukurasa wenye watu watatu wanaoongea kwa pamoja yeye bado anaishinda mashine.

Kama unaandika Kiswahili chako mwenyewe, mashairi, mahubiri, habari za redio, chukua Google Docs. Mtandao wa nyumbani ukiwa mbovu, fanya imla kwenye simu kwa klavye ya Gboard, ambayo nayo inajua Kiswahili, ndani ya waraka uleule, na usahihishe kwenye laptopu baadaye.

Kama rekodi zina majina ya watu wanaoweza kudhurika, chagua kati ya njia ya nne na kuandika kwa mkono. Saisie vocale ya Windows na Google Docs, zinazopeleka sauti mtandaoni, ziondoe mezani hata kama ni rahisi.

Kama mikono ndiyo tatizo, Dragon na Accès vocal zote zinastahili kujaribiwa, na mtu mwingine akusaidie siku ya kwanza, kwa sababu kusakinisha kwenyewe kunadai kubofya sana kabla sauti haijapewa madaraka.

Na kama "Type du système" imekuonyesha ARM huku kazi yako haiwezi kwenda bila Dragon, usiendelee kupakua chochote. Rudisha vitu kwenye boksi, chukua fakture, na umwendee muuzaji leo kuomba mashine yenye prosesa ya x64 ya bei ileile. Ukishaitumia mwezi mzima atakuambia ni ya occasion, yaani iliyokwisha kutumika.